Siku 14 za kurudisha barua zetu

 Mara nyingi hapa tunaandika juu ya mpira, juu ya posho iliyopunguzwa, ama juu ya wale waliopanda ndege kwenda Kanada wakatuachia masufuria. Leo tunaandika juu ya imeli. Msicheke kwanza. Mwezi uliopita imeli ilitunyima usingizi kuliko njaa.

Kwetu sisi imeli si mambo ya ofisi. Mtu aliyekimbia Fizi ama Uvira usiku hakubeba kabati. Diploma d'État ilibaki chini ya godoro, bulletin za shule zilibaki kwa préfet, na nyumba yenyewe hatujui kama bado ina paa. Kilichobaki ni picha. Mjomba alibaki nyuma, akaingia, akapiga picha ya kile karatasi na simu yake, akatuma. Sasa ile picha utaiweka wapi? Simu inaibwa. Simu inaanguka ndani ya ndoo. Simu inauzwa siku mtoto akishikwa na malaria. Kwa hiyo picha inatumwa kwenye imeli, na imeli ndiyo inakuwa kabati letu, lenye ufunguo, ambalo mvua haifikii. Vyuo navyo havijibu kwa WhatsApp. Mwenye kuomba ufadhili kama ule wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 na ambao wengi wetu tunauota mchana na usiku, lazima awe na vyeti vyake mahali anapoweza kuvifikia.

Kundi letu lina anwani moja ya pamoja. Tulipewa na shirika dogo lililokuwa likitufundisha kompyuta, na barua zetu zinakaa kwenye seva yao. Katibu wetu ndiye anaishika. Vijana 9 walikuwa wametuma humo vyeti vyao, na dada yetu mmoja alikuwa akiandikiana na chuo kupitia humohumo kwa sababu yeye mwenyewe hana simu ya kisasa.

Basi, simu ya katibu ilikataa kuchaji. Akaipeleka kwa fundi pale Base Camp, mtu mzuri, tunamfahamu, na hasira yetu kwake imeshaisha. Fundi akabadilisha ile sehemu ya kuchajia, halafu akaongeza msaada ambao hakuombwa.

"Yaya, simu yako ilikuwa nzito sana," alimwambia jioni. "Memori ilijaa. Njo nikatosha ile mameseji ya zamani yote. Sasa iko inakimbia."

"Mameseji gani?"

"Ya imeli. Elfu na kitu. Na ile poubelle nayo nikaimwaga."

Katibu wetu alikaa chini palepale kwenye benchi la wateja. Alilipa, kwa sababu kazi ya kuchaji ilikuwa imefanyika kweli, akarudi nyumbani bila kusema na mtu njiani.

Hapa tusimame kidogo, maana wengi walituuliza: fundi alifuta vitu kwenye simu, imekuwaje vikapotea mpaka kwenye kompyuta? Si vilikuwa kwenye seva?

Ndiyo, vilikuwa kwenye seva, na shida iko hapo. Kuna njia mbili kubwa za simu kusoma barua kutoka kwenye seva. Ya kwanza ni ile ya zamani inayoitwa POP: simu inakwenda posta, inachukua barua, inazileta nyumbani, na mara nyingi posta haibaki na kitu. Ya pili inaitwa IMAP, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Mark Crispin alipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Kwa IMAP simu si nyumba, ni dirisha tu. Barua zinakaa kwenye seva, wewe unachungulia. Ukiwa na simu tatu una madirisha matatu ya chumba kimoja. Ukiingiza mkono kwa dirisha moja ukavunja sahani, atakayechungulia kwa dirisha lingine ataona sahani imevunjika. Fundi aliona simu, hakuona chumba. Watu wengi wako hivyo, hata wenye digrii.

Lakini kuna jambo zuri ndani ya mfumo huo, na sisi tulilijua kwa kuchelewa kidogo. Seva haiui barua mara moja. Kwa IMAP barua inawekwa kwanza alama ya kufutwa, halafu inakuja amri ya pili ya kusafisha zote zenye alama. Juu ya hapo, seva nyingi zinapeleka barua iliyofutwa kwenye Tupio. Na hata Tupio likimwagwa, baadhi ya seva zina chumba cha nyuma ambacho mtumiaji hakioni kwenye simu, na barua zinakaa humo kwa siku zilizohesabiwa. Hesabu ya siku ndiyo mchezo wote. Kila siku unayolia, saa inatembea.

Sisi hatukujua tumebakiwa na siku ngapi. Siku tatu za kwanza zilikwenda kwa kijana mmoja aliyetuambia ana programu ya kufufua vitu vilivyofutwa, bei shilingi 20,000. Programu za namna hiyo zipo, na kuna siku zinasaidia kwa picha zilizokuwa kwenye kadi ya memori. Kwa barua zilizofutwa kwenye seva ya Kampala ama ya Ulaya hazina la kufanya, ni sawa na kuchimba shamba lako ukitafuta kuku aliyeibiwa kwa jirani. Tulianza kushtuka aliposema anahitaji neno la siri la akaunti "ili programu iingie ndani". Mwenyekiti akamwambia asante kaka, rudi nyumbani. Tunawaomba mlishike hilo: anayesaidia kurudisha barua hahitaji kuwa wewe. Neno la siri likishatoka mdomoni, akaunti ina wenyewe wawili.

Siku ya nne mmoja wetu akakumbuka kompyuta. Tunayo moja, ya zamani, inakaa kwenye chumba cha mikutano, na ilikuwa haijawashwa kwa wiki tatu kwa sababu betri ya sola ilikufa. Ndani yake kuna Thunderbird, ile programu ya bure ya kusomea barua. Hiyo nayo ni dirisha la IMAP, lakini ni dirisha lenye kumbukumbu: kwa kawaida inahifadhi kwenye diski nakala ya barua ilizoziona. Maana yake, kama ingewashwa ikiwa imeungwa na intaneti, ingeuliza seva "kuna nini?", seva ingesema "hakuna kitu", nayo ingefuta nakala zake kwa utii. Lakini kama ingewashwa bila intaneti kabisa, ingebaki inaamini kwamba mambo ni yale ya wiki tatu zilizopita.

Tuliazima betri kwa mama mmoja mwenye saluni. Tukazima ile modemu, tukaichomoa na waya pia, mwingine akasimama mlangoni kuhakikisha hakuna anayeingia na simu yenye hotspot ambayo kompyuta inaijua. Mnaweza kuona kama tulizidisha. Sisi tuliona ni sawasawa. Kompyuta ikawaka polepole kama mzee anayeamka, Thunderbird ikafunguka, na barua zilikuwapo. Zote, mpaka siku betri ilipokufa. Tukazihamisha kwenye folda za ndani ya kompyuta, zile ambazo hazifuatani na seva, halafu tukanakili kwenye flashi mbili. Vyeti vya vijana 9 vilikuwa salama kabla ya saa sita mchana. Mama wa saluni aliomba betri yake, tukamrudishia na soda.

Lakini wiki tatu za mwisho hazikuwemo. Na ndani ya wiki hizo tatu ndimo ilimokuwa barua ya chuo kwa dada yetu. Yeye aliikumbuka kwa kusikia tu, alisomewa na katibu haraka kwenye foleni ya maji: chuo kinataka karatasi fulani, na kuna tarehe ya mwisho. Karatasi gani? Tarehe gani? Katibu alikumbuka "ijumaa". Ijumaa ziko nyingi kwenye mwaka.

Tuliandikia anwani ya chuo kuomba watume tena. Hakuna jibu. Hatuwalaumu, ofisi za wanafunzi zinapokea barua kama mchanga.

Ikabaki seva yenyewe. Yule anayeitunza kwa niaba ya shirika yuko Kampala, na alikuwa likizo. Tulimpata siku ya tisa. Tunamshukuru, kwa sababu alichukua dakika ishirini kutueleza badala ya kusema tu "nitaangalia". Barua zetu, alisema, ziko kwenye Exchange ya Microsoft. Kule, ukifuta barua inakwenda kwenye folda ya vilivyofutwa. Ukimwaga folda hiyo, barua inaingia kwenye chumba cha nyuma cha vitu vinavyoweza kurudishwa, na kwa mpangilio wa kawaida inakaa humo siku 14. Msimamizi anaweza kuongeza mpaka 30, lakini kwetu hakuna aliyewahi kuongeza. Na kumbe hatukumhitaji hata yeye. Ukiingia kwenye Outlook kwa njia ya kivinjari, si kwa programu ya barua ya simu, unafungua folda ya vilivyofutwa, na juu yake kuna maneno ya kurudisha vitu vilivyofutwa kutoka kwenye folda hiyo. Watu wanapita juu ya hayo maneno miaka na miaka.

Alipoenda kuangalia mwenyewe akasema: zipo, bado siku tano. Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna jina limetoka kwenye orodha ya safari.

Halafu likaja jambo ambalo hatukulitegemea. Dada mwingine wa kundi, hatutamtaja kwa namna yoyote, alikuja jioni akasema kuna barua zake humo ambazo hataki zirudi. Aliwahi kutumia anwani ya kundi kuandikia watu wa ulinzi juu ya jambo lililompata. Alizifuta mwenyewe siku chache kabla ya fundi, akijua zimekwisha. Sasa anasikia kwamba kilichofutwa kinakaa chumba cha nyuma, na kwamba mtu wa Kampala anaweza kukitoa. Alikuwa anatetemeka.

Tulikaa na hilo usiku mzima. Sisi tulikuwa tunasherehekea kwamba seva haisahau, na yeye alikuwa anaogopa jambo hilohilo. Tukakubaliana kwamba hatutabonyeza kitufe cha kurudisha zote. Siku ya kumi na moja tuliingia kwenye kivinjari, na yeye akaachwa peke yake na kompyuta kwanza, mlango umefungwa. Kwenye chumba kile cha nyuma kuna pia njia ya kufuta. Alichagua zake, akazifuta, akatoka nje, akaenda kuosha uso. Ndugu zetu wa mashirika, mtuelewe vizuri hapa: kama shirika limeweka kizuizi cha kuhifadhi barua kwa ajili ya kesi ama ukaguzi, hata kufuta kule hakuziondoi kwenye seva. Kwetu hakikuwepo, tuliuliza kwanza. Kijana anayeandika kutoka kwenye anwani mliyompa anastahili kujua ni nani anaweza kuifungua.

Kurudisha kwenyewe kulichukua saa nne. Mtandao wa hapa mnaujua. Ukichagua barua 200 kwa pamoja ukurasa unaganda, ukichagua 20 zinapita. Tulikwenda ishirini ishirini, mmoja anabonyeza, mwingine anahesabu, wengine wanapika chai. Barua ya chuo ilikuwa kwenye fungu la saba. Ijumaa yenyewe ilikuwa ijumaa ya wiki ileile, siku mbili mbele. Walitaka nakala ya diploma na tafsiri yake kwa Kiingereza. Diploma tulikuwa nayo kwenye flashi. Tafsiri, kuna kaka anayefundisha aliyeifanya usiku ule, na akakataa hela.

Sio wote waliopata bahati. Kwenye simu ileile ya katibu ilikuwepo akaunti ya Yahoo ya mdogo wake, anayesoma Mbarara na hana simu. Fundi aliisafisha pia. Kijana alikuwa kwenye mitihani, akajua siku ya tisa alipokuja nyumbani. Tupio la Yahoo linashika barua siku 7 tu, na maombi ya kurudishiwa nayo yanaangalia siku 7 za nyuma. Alichokuwa anatafuta ni barua za baba yake, zilizotoka Kalemie miaka miwili nyuma. Baba amekwisha kufariki. Alikuwa anaandika barua ndefu kwa imeli kama za zamani, anaanza na salamu za kila mtu mpaka mbuzi.

Tulimwambia ukweli, kwamba kwa upande wake hazipo. Lakini tulimwambia na jambo lingine: kila barua ina nakala mbili, ya aliyepokea na ya aliyetuma. Wenzetu kadhaa waliokosa vitu walipata kwa njia hiyo. Shangazi mmoja wa Kanada alifungua folda yake ya zilizotumwa akatutumia tena barua karibu 40, na akalalamika kwa sauti ya WhatsApp dakika sita. Kwa baba aliyefariki ni ngumu. Neno la siri alikwenda nalo, na namba yake ya simu huenda imeshapewa mtu mwingine. Hapo kijana akakumbuka kaka yake mkubwa wa Bujumbura. Baba alikuwa na tabia ya kumwekea kaka nakala akiandika mambo ya shamba. Kaka akatafuta. Zilipatikana mbili. Moja ni ya mipaka ya shamba na inachosha kusoma. Ya pili inaanza na mbuzi.

Kwa wenye Gmail, kwa sababu ndio wengi: Tupio lenu linashika siku 30. Kabla hamjalia, tafuteni kwa kuandika in:anywhere halafu jina la aliyetuma, maana mara nyingi barua haikufutwa, iliwekwa tu kwenye kumbukumbu kwa kusukumwa na kidole, ama imeingia kwenye taka. Zikipita siku 30 kwa akaunti ya kawaida, mlango umefungwa. Kama anwani yako ni ya shule ama shirika linalotumia Google, msimamizi wao ana siku 25 zaidi baada ya kutoka kwenye Tupio, kwa hiyo mpigie simu leo, usimwandikie. Na kuna lingine linalotuhusu sana sisi: akaunti ya Google isiyofunguliwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa yote pamoja na picha, na walianza kufanya hivyo mwezi wa 12 mwaka 2023. Wangapi kati yetu wana akaunti ya nyumbani, iliyounganishwa na laini ya Kongo iliyokufa tulipovuka mpaka? Ifungueni kwenye kompyuta yoyote mnayoiamini, mbadilishe namba.

Na kwa mashirika, tuna ombi moja, ni dogo. Mradi ukiisha, mnatoa leseni za akaunti mlizotupa. Mfumo wa Microsoft unashika barua siku 30 baada ya leseni kuondolewa, halafu basi. Wenzetu wa kundi lingine walijua anwani zao zimefungwa siku walipojaribu kuingia. Mtuambie tarehe. Tangazo moja la WhatsApp linatosha, na sisi tutatafuta betri.

Dada yetu alituma karatasi zake alhamisi saa tatu usiku. Jibu bado. Katibu anafungua kikasha asubuhi kabla ya maji na jioni baada ya maji, na simu yake, lazima tukubali, inakimbia kweli kuliko zamani.

Jumamosi hii kuanzia saa nane mchana kompyuta itakuwa imechajiwa. Mwenye barua zilizopotea aje na simu yake, azime data kabla ya kutoka nyumbani, na asilete neno la siri la mtu mwingine.